Duara la Kulia

Jumapili, 2 Juni

Asubuhi ya baridi, anga jeupe, upepo hakuna. Mama amevunja helikopta tena.

Nimeiandika sentensi hiyo na kuisoma mara mbili, kwa sababu mwaka jana wakati kama huu isingekuwa na maana yoyote nyumbani kwetu. Mama ana miaka sitini na minne. Alishona kola za mashati kiwandani mpaka akastaafu. Akajaribu kufuga kuku, kuku wakamchosha. Akajaribu kupumzika, mapumziko yakamchosha kuliko kuku. Ndipo mdogo wake, Mjomba wangu mwenye kibanda cha kutengeneza redio, alipomchukua hadi kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako watu wazima na akili zao hurusha kwa rimoti helikopta ndogo, ukubwa wa jogoo. Nilidhani atarudi akicheka. Alirudi kimya, akanawa mikono, akaniuliza, "Hivi betri moja inajaa kwa muda gani?"

Mimi sielewi. Naandika labda nitaelewa.

Uwanja una sheria zake. Kuna kamba imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Wanaojifunza huweka viti vyao nyuma ya kamba, na wakirusha lazima mwalimu asimame kando na rimoti yake, imeunganishwa na ya mwanafunzi kwa waya, ili mambo yakiharibika aichukue. Wenye kujua huweka viti mbele ya kamba. Ili kiti chako kivuke, uzungushe helikopta duara zima kwa kushoto, kisha duara zima kwa kulia, bila mwalimu kugusa kitu. Hiyo tu. Mwenyekiti wao, dereva wa basi mstaafu wanayemwita Kapteni, hana huruma katika hilo. Mama anataka kuvuka kabla ya mvua, maana mvua zikianza uwanja huwa dimbwi na kila mtu hurudi kwake.

Leo duara la kushoto lilikuwa safi kama limechorwa kwa kisahani. La kulia, helikopta ilifika ubavuni pake, ikasita, ikaenda ilikotaka yenyewe. Mjomba alichelewa kuichukua. Zimevunjika panga mbili na mkia.

"Ni upepo," Mama akasema.

Nimeshaandika juu hapo kwamba upepo haukuwepo.

Jumatano, 5 Juni

Mawingu hadi saa nne. Mjomba ameileta helikopta ikiwa nzima, akala chakula cha watu wawili, akaondoka.

Jumapili, 9 Juni

Jua, upepo mdogo kutoka nyuma yetu. Kushoto vizuri. Kulia imeanguka.

Mjomba amesema ni mota ndogo ya mkia. "Si wewe, dada. Mkia huu una kiburi cha upande mmoja."

"Si umeufunga mwenyewe?" Kapteni akamuuliza.

"Ndiyo."

"Basi kiburi hicho ni cha kurithi."

Kapteni alinieleza ugumu wenyewe nilipomuuliza. Helikopta ikikupa mgongo, kushoto kwako ni kushoto kwake. Ikikugeukia uso, kila kitu kinapinduka: unataka iende huku, inakwenda kule. "Kama ndoa," akasema. Mama akamjibu bila kumtazama, "Mimi mjane, Kapteni. Sina wa kunibishia."

Lakini nilikaa nikafikiri. Katika duara la kushoto pia helikopta hufika mahali ikamgeukia uso, na hapo hasumbuki. Kwa nini basi la kulia? Niliwauliza wote wawili. Mjomba aliangalia mkia. Kapteni aliangalia saa.

Jumapili, 16 Juni

Upepo mkali, vumbi. Hakuna aliyerusha. Mama alikaa nyuma ya kamba mpaka adhuhuri, kana kwamba kamba nayo inahitaji kulindwa.

Alhamisi, 27 Juni

Baridi. Nimerudi kazini nikamkuta Mama uani ameifunga helikopta ya zamani kwenye mpini wa ufagio, ameushika mbele yake, anazunguka nao taratibu, midomo ikicheza: "Pua huku, mkia kule. Pua huku, mkia kule." Jirani yetu muuza mkaa alikuwa amesimama ukutani kwake na mswaki mdomoni.

"Mama yako hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo. Anafundisha vidole."

"Aha," akasema, akaendelea kupiga mswaki.

Nilimtazama. Kwa ufagio hakosi hata mara moja, kushoto wala kulia. Sasa tuseme nini? Anajua na hajui?

Jumapili, 7 Julai

Asubuhi angavu. Kulia imeanguka. Mjomba alikuwa amebadilisha mota ya mkia, kwa hiyo sasa ana kiburi yeye.

Nimekuwa na wazo, na ninaona haya kwamba limechelewa. Mimi nafanya kazi duka la miwani. Nakata lenzi, nazisugua, nazifunga kwenye fremu. Jioni nilileta bango la herufi kutoka dukani, nikalitundika sebuleni, nikamsimamisha Mama mlangoni.

"Soma."

Alisoma yote hadi mstari wa mwisho, ule ambao Bosi mwenyewe huusoma kwa kubahatisha. Kisha akaendelea: "Na chini kabisa wameandika jina la mpiga chapa. Nikusomee?"

"Basi, Mama."

"Wewe ndiye wa kupimwa. Umesahau chumvi kwenye mboga."

Kwa hiyo si macho. Nimefuta hilo.

Jumapili, 14 Julai

Ukungu, kisha jua. Kulia imeanguka. Si vibaya sana.

Jumapili, 21 Julai

Kapteni amenivuta kando. Anasema anadhani Mama anaogopa. "Nimefundisha madereva wengi. Kuna mtu anakata kona zote vizuri, ila moja inamshinda, kwa sababu siku moja aliona ajali hapo. Muulize mama yako nini kilimpata upande wa kulia."

Nilimuuliza tukiwa njiani kurudi. Mama alifikiri kwa dhati, viti viwili vikining'inia mabegani mwake.

"Upande wa kulia nilikuzaa wewe," akasema. "Ulilala ubavu ule ule miezi tisa."

Sikujua nicheke au nijitetee. Sikuipenda tabia ya Kapteni ya kumgeuza Mama kuwa somo. Ananiudhi mtu huyu na saa yake na kamba yake.

Jumamosi, 27 Julai

Nimeandika mambo ambayo yananichanganya, ili yasizunguke kichwani. Mama amegonga bega kwenye mlango wa jikoni, mlango alioupita miaka ishirini. Mama ameniita kwa sauti nimletee kikombe kilichokuwa kando ya mkono wake. Mama ananiambia nisimjie kimyakimya. Mimi huvaa ndara zinazosikika hadi kwa muuza mkaa.

Uzee, nadhani. Lakini uzee gani unaosoma jina la mpiga chapa?

Jumapili, 4 Agosti

Asubuhi shwari kabisa, moshi wa kiwanda ukipanda wima. Siku nzuri kuliko zote tangu Juni. Nitaandika polepole.

Mjomba alikuwa na homa, hakuja. Kapteni akasema atashika yeye rimoti ya mwalimu. Alisimama kushoto kwa Mama, kwa sababu waya wa rimoti yake hutokea upande huo. Mimi nilisimama kulia, hatua moja nyuma, na chupa ya maji. Mama alipiga kelele "Inapaa," kama sheria inavyotaka, na helikopta ikapaa.

Kushoto ilikwenda kama siku zote. Nilisikia mtu mbele ya kamba akisema, "Bibi huyu ana mkono." Mama akaituliza, ikaelea usawa wa macho, akaanza duara la kulia.

Ilikwenda vizuri mbali, ikazunguka, ikaanza kurudi upande wangu. Nikaona inakuja. Si kwa kasi ya ajabu, inakuja tu, pua mbele, ikiteremka kidogo kidogo kama mtu anayekuja kukusalimia. Nilingoja aigeuze. Nilimtazama Mama. Uso wake ulikuwa umetulia, anatazama mbele, mahali ambapo helikopta haikuwepo. Nikainua mkono wangu, nikaupunga mbele yake kabisa, hapo ubavuni. Hakugeuka. Nikasema, "Mama," kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia chai iko tayari. Sijui kwa nini sikupiga kelele. Nililala chini.

Ikapita juu yangu, ikapiga kiti cha Mama. Panga zikakata mkanda wa mgongo wa kiti, moja ikaruka na kumpata Kapteni kwenye sikio. Damu kidogo, kelele nyingi. Si za Kapteni. Yeye alisema tu, "Hii nimechelewa mimi," akashika sikio lake na leso.

Kilichonichanganya si hicho. Ni kilichofuata.

Mama alinikuta nikijipangusa vumbi. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Kando yako."

"Usinidanganye. Ulikwenda kuchota maji."

"Mama, nilikupungia mkono. Hapa." Nikaonyesha.

"Hapo hapakuwa na mtu," akasema. Si kwa hasira. Kwa yakini, kama mtu anayekwambia leo ni Jumapili.

Tulirudi nyumbani hatusemezani. Alidhani namdanganya ili nimsute, nami nilidhani ananidanganya ili asiaibike. Mama hajawahi kumdanganya mtu nyumbani kwetu. Basi nani alikuwa pale kando yake, kama si mimi?

Jumatatu, 5 Agosti

Jua la kawaida. Nimeelewa, na ningependa kutoelewa.

Kazini nilikuwa napima lenzi kwenye mashine. Mashine ile ina tundu moja, kwa hiyo hufumba jicho la kulia na kuchungulia kwa la kushoto, kila siku, lenzi baada ya lenzi. Bosi alikuja kutoka kulia akaweka sinia la fremu mezani. Nilishtuka nikaangusha lenzi.

"Unaota?" akaniuliza. "Nimesimama hapa muda wote nakusemesha."

Nilikaa na jicho langu moja nimelifumba, nikanyoosha mkono wa kulia pembeni, nikauchezesha. Haukuwepo.

Lile bango la herufi. Nilimpima macho yote mawili kwa pamoja, kama mtu anayeweka magunia mawili kwenye mzani mmoja na kusema kila moja limejaa. Kufumba moja, kisha jingine: ndiyo hatua ya kwanza, hata mfagiaji wetu anaijua kwa kuitazama. Niliiruka kwa sababu alikuwa mama yangu na alikuwa ananitania.

Jumatano, 7 Agosti

Mawingu mepesi. Daktari wa macho huja dukani kwetu Jumatano. Mama alikuja kwa sababu nilimwambia kwamba tunampa miwani ya jua bure, uongo wangu wa kwanza kwake tangu shuleni.

Daktari alimpima kwa muda mrefu. Alimfanya atazame nukta moja na kubonyeza kitufe kila anapoona taa ndogo ikimulika pembeni. Kwa jicho la kushoto, kitufe kililia kama panzi. Kwa la kulia, kimya, kimya, mlio mmoja, kimya. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasugua lenzi iliyokwisha kusuguliwa.

Ni presha ya macho. Jicho la kulia limebakiza katikati tu, kama mtu anayechungulia kwa mrija. La kushoto lina afya. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone, kila jioni, maisha yote, bila kuruka.

"Hukugundua kitu, mama?" Daktari akamuuliza.

"Niligundua," Mama akasema. "Nilidhani ni dunia imekuwa na haraka. Vitu vinanitokea ghafla."

Hakuuliza lolote kuhusu miwani ya jua.

Jumapili, 11 Agosti

Upepo kidogo. Hatukwenda uwanjani. Mama amelala hadi mchana, jambo ambalo hajawahi.

Jumatatu, 12 Agosti

Mama ameniomba nisimwambie mtu. "Kapteni akijua, sitashika rimoti tena, hata nyuma ya kamba. Atakuwa mpole. Sitaki upole wake."

Nikamwambia, "Na ile iliyopita juu ya kichwa changu?"

Akajibu: "Hiyo ndiyo inayonitoa usingizi. Usinikumbushe, nakumbuka."

Sikuahidi wala sikukataa. Nimekaa katikati kama mwiba wa samaki kooni, haushuki wala hautoki.

Jumapili, 25 Agosti

Joto linaanza. Tulikwenda, akakaa tu, akasema mgongo unamuuma. Kapteni, plasta sikioni, alileta mkanda mpya wa kiti na kuufunga mwenyewe. Alipomaliza alikizungusha kiti na kukijaribu kwa goti, kisha akaondoka bila kungoja shukrani. Nilikuwa nimemwandika vibaya mtu huyu.

Jumapili, 15 Septemba

Joto. Mama bado "mgongo".

Jumanne, 24 Septemba

Nimemwambia Mjomba. Sikukusudia. Alikuwa mezani kwetu anafungua tena mkia wa helikopta, anabadilisha kitu ambacho hakikuwa kibovu, na sikuweza kumwacha aendelee. Kwanza akasema, "Kwa hiyo mkia wangu ulikuwa mzima." Akatabasamu kabisa. Kisha sura ikambadilika, akaweka bisibisi chini, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi akiwa amenipa mgongo. Mama alitoka akakaa naye. Sikusikia walichosema. Waliporudi, Mama alinitazama kwa jicho, na sikujua ni jicho lipi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Radi za mbali. Mama hanisemeshi ila kwa mambo ya lazima. Saa ya dawa hukaa, huinua uso, ninadondosha tone, anasema "asante" kama kwa muuguzi.

Jumapili, 20 Oktoba

Asubuhi nzito, mawingu meusi nyuma ya kiwanda, upepo bado umejificha. Kila mtu alijua ndiyo siku ya mwisho ya msimu.

Mama aliamka kabla yangu na kuchaji betri. Njiani alibeba kiti chake mwenyewe. Tulipofika hakukiweka chini. Alisimama nacho kwapani, mbele ya wale waliokuwa nyuma ya kamba na wale wa mbele, akasema:

"Nina neno. Jicho langu la kulia limekufa pembeni. Daktari amesema. Ile ajali haikuwa ya upepo, wala ya mkia, wala ya woga, Kapteni. Leo nataka kujaribu mara moja. Asiyetaka nirushe aseme sasa. Anayetaka kukaa kulia kwangu aandike wosia kwanza."

Hakuna aliyecheka. Kapteni aliangalia saa yake kwa muda mrefu kuliko saa inavyohitaji. Nilidhani nimeelewa kwa nini hufanya hivyo: ni mahali pa kuweka macho. Halafu akainua kiti chake, akatembea nacho mpaka ncha ya kushoto ya kamba, akakiweka.

"Mnangoja basi?" akawauliza wengine.

Wakahama. Viti vyote, mbele na nyuma, vikaburutwa kushoto, mpaka upande wa kulia ukabaki mchanga mtupu. Mama akasimama mwanzo wa uwazi ule. Mjomba akaunganisha waya, akasimama nyuma yake. Mimi nikabaki kulia, safari hii nimechuchumaa, karibu kiasi kwamba magoti yangu yaligusa gauni lake.

"Inapaa."

Kushoto sitaeleza. Kulia, kabla ya kuanza, alizungusha mwili wake mzima kama mtu anayetaka kusikiliza mlangoni, jicho la kushoto likitangulia. Ikaenda mbali, ikageuka. Ikaja ubavuni, mahali pale pale pa kila Jumapili. Nilifungua mdomo. Ikasita. Mjomba aliinua mikono yake yote miwili hewani, mbali na rimoti, kila mtu aone kwamba hagusi. Helikopta ikainamisha bega, ikapita mbele yetu uso kwa uso, ikamaliza, ikampa mgongo.

"Inatua," Mama akasema, kwa sauti ndogo.

Kapteni alikuja, akachukua kiti cha Mama, akakivusha kamba. Hakusema kitu. Mjomba alisema vya watu kumi. Mvua ilianza kabla hatujakunja vitu, tukakimbia hadi kibanda cha mlinzi wa kiwanda tukicheka, Mama akiwa ameifunika helikopta kwa khanga yake na kichwa chake hakina kitu.

Jioni nilimwekea dawa. Alikaa na macho yamefumba, tone likimtiririka shavuni. Alinisemesha kama zamani.

"Nikwambie kitu, mwanangu, Mjomba wako asijue."

"Niambie."

"Ile nusu ya pili sikuiona."

Nilidhani sikumsikia. "Ipi?"

"Ya kulia. Ilipofika pale ikanipotea, kama kawaida. Nikasema moyoni, nikisimama imeanguka, nikiendelea huenda nayo inaendelea. Nikaendelea. Niliisikia tu inapita. Kisha ikatokea kushoto, mzimamzima."

"Mama, Mjomba alikuwa ameinua mikono."

"Niliambiwa."

"Na mimi nilikuwa hapo."

"Wewe nilijua ulipo. Magoti yako yalikuwa yananichoma." Akajipangusa shavu. "Usinitazame hivyo. Nimekwambia kwa sababu nimechoka kuwa na kitu nisichokwambia."

Nilimuuliza kiangazi kijacho itakuwaje. Akasema kiangazi kijacho kiko mbali, akaenda kulala. Baada ya muda mfupi nilimsikia akikoroma.

Nimekaa na kalamu. Nimeona duara zuri kuliko yote ya msimu, nimepiga makofi, na mwenye kulizungusha hakuwa akiona kitu. Kiti chake kiko mbele ya kamba. Kapteni alikibeba kwa mikono yake, mwenye sikio lile. Nikimwambia, nitakuwa nimemrudisha Mama nyuma kwa siri aliyonipa mwenyewe, ya kwanza tangu Agosti. Nisipomwambia, kiangazi kitakuja na watu watakaa kulia kwake bila kujua. Nimelipima hili kushoto na nimelipima kulia. Mvua haijakatika.

Naongeza asubuhi: usingizi ulinichukua saa tisa na robo, na sikuwa nimeamua.